Kitabu cha Picha na Upatanisho wa Kisarufi: Kusikiliza Kabla ya Kusahihisha

1. Utangulizi

Tuchukue darasa la shule ya msingi mjini Nyanza-Lac, mwendo mfupi kutoka ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Mwalimu tarajali amesimama mbele ya wanafunzi akiwa ameshika kitabu kisicho na maneno. Ukurasa alioufungua unaonyesha mvulana, mbwa wake na chura aliyemo ndani ya chupa ya kioo. Mtoto mmoja anainuka na kusema: "Mbwa inaangalia chura. Chura kinataka kutoka." Mtoto wa pili, ambaye familia yake ilirejea kutoka Tanzania, anacheka: "Si hivyo! Mbwa anamwangalia chura." Darasa zima linacheka pamoja naye. Mtoto wa kwanza anaketi, wala hasemi tena mpaka kengele inapolia.

Katika dakika hiyo moja yametokea mambo mawili. La kwanza ni la kisarufi: mtoto ametumia viambishi vya upatanisho ambavyo Kiswahili sanifu hakivikubali kwa nomino za viumbe hai. La pili ni la kijamii: mtoto amejifunza kwamba kunyamaza ni salama kuliko kusema. Mwalimu asiyelielewa jambo la kwanza hana njia ya kulitibu la pili, kwa kuwa ataliita kosa la mtoto uzembe au ujinga, ilhali ni matokeo ya kanuni thabiti ambayo mtoto huyo ameimiliki tangu utotoni.

Sura hii inaeleza namna vitabu vya picha, hasa vile vinavyotoka katika tamaduni mbalimbali, vinavyoweza kutumiwa katika mafunzo ya ualimu ili kuisikia sarufi ambayo mtoto tayari anayo, kuilinganisha na sarufi ya Kiswahili sanifu, kisha kumfundisha tofauti. Baada ya kuisoma, mwanachuo atarajiwe kuweza: (a) kueleza kwa nini mtoto msemaji wa Kirundi husema "mbwa inakimbia", (b) kuchagua kitabu cha picha kwa kuzingatia nomino zilizomo pamoja na utamaduni unaooneshwa, na (c) kuongoza kipindi ambacho usahihishaji hautangulii usikilizaji.

2. Lugha zilizomo darasani

Mwambao wa ziwa kuanzia Rumonge hadi Nyanza-Lac una historia ndefu ya Kiswahili. Misafara ya biashara ya karne ya 19 iliyokuwa na kituo chake Ujiji ililileta Kiswahili kandokando ya ziwa, na uvuvi pamoja na biashara ya dagaa na mawese vimekiweka hai hadi leo. Ng'ambo ya ziwa ziko Uvira, Baraka na Kalemie, ambako Kiswahili cha Kongo ndicho lugha ya soko. Kusini iko Kigoma, ambako mtoto hukutana na Kiswahili cha shule za Tanzania.

Juu ya hayo, mwambao huu una historia ya kuondoka na kurudi. Matukio ya mwaka 1972 yaliwafanya watu wengi wa Rumonge na Nyanza-Lac kukimbilia Tanzania, na wengi wao wakaishi kwa miongo kadhaa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Watoto waliozaliwa huko walisoma kwa Kiswahili. Kuanzia mwaka 2008 sehemu ya familia hizo zilirejea, nyingine zikiwa na watoto na wajukuu ambao hawakuwahi kuiona Burundi. Kwa hiyo namna mtu anavyotamka Kiswahili, au anavyobabaika katika Kirundi, hudokeza alikokulia hata kabla hajataja jina lake. Katika eneo ambalo waliobaki na waliorudi wamewahi kugombania mashamba, kicheko juu ya lugha ya mtoto si jambo dogo.

Shule nayo inaongeza lugha zake. Katika mfumo wa elimu ya msingi ya miaka 9 ulioanzishwa mwaka 2013, mwanafunzi wa Burundi hukutana na Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili. Mwalimu wa Kiswahili wa Nyanza-Lac basi hafundishi darasa lenye lugha moja. Katika dawati moja anaweza kuwapo mtoto anayefikiri kwa Kirundi, mwenzake anayezungumza Kiswahili cha Kongo nyumbani, na wa tatu mwenye Kiswahili cha Tanzania lakini asiyejua Kirundi cha kutosha kuifuata hesabu. Kila mmoja wao ana anachokijua na anachokikosa. Kazi ya mwalimu ni kuifanya tofauti hiyo iwe mali ya darasa zima.

3. Kitabu cha picha: kioo na dirisha

Kwa kitabu cha picha tunakusudia kitabu ambamo picha hubeba sehemu ya hadithi isiyobebwa na maneno. Picha ambayo hurudia tu yale yaliyoandikwa ni pambo. Katika kitabu cha picha cha kweli, anayesoma maneno peke yake hukosa jambo, na anayetazama picha peke yake huwa na la kusimulia.

Mwaka 1990 mtaalamu wa Marekani, Rudine Sims Bishop, alitumia sitiari ambayo tangu hapo imeenea sana katika mafunzo ya ualimu. Alieleza kwamba vitabu vya watoto vinaweza kuwa vioo ambamo mtoto hujiona mwenyewe, madirisha ambayo kupitia kwake huwaona wengine, na milango ya kioo ambayo mtoto huweza kuipita na kuingia katika ulimwengu mwingine. Mtoto anayepewa madirisha tu huanza kudhani kwamba watu wa aina yake hawastahili kuandikwa. Mtoto anayepewa vioo tu huanza kudhani kwamba duniani hakuna watu wengine. Sitiari hiyo inatuhusu, kwa sababu vitabu vingi vinavyofika katika shule zetu vimechorwa mbali na ziwa letu.

Tutatumia vitabu viwili kama mifano. Cha kwanza ni Frog, Where Are You? cha Mercer Mayer, kilichotolewa Marekani mwaka 1969. Hakina maneno. Kinasimulia kwa picha habari za mvulana na mbwa wake wanaomtafuta chura aliyetoroka chupani: wanapita kwenye mzinga wa nyuki, wanakutana na bundi na mnyama mwenye pembe, wanaanguka majini, na mwishowe wanawakuta vyura. Kwa kuwa hakina maneno, wanaisimu wamekitumia katika nchi nyingi kuchunguza namna watoto wanavyosimulia. Utafiti wa Ruth Berman na Dan Slobin uliochapishwa mwaka 1994 ulilinganisha masimulizi ya kitabu hicho kwa Kiingereza, Kijerumani, Kihispania, Kiebrania na Kituruki. Picha zilikuwa zilezile, lakini kila lugha iliwafanya wasemaji wake kuyatilia maanani mambo tofauti. Mwalimu wa Nyanza-Lac anaweza kufanya uchunguzi kama huo kwa kiwango cha darasa lake.

Cha pili ni Handa's Surprise cha Eileen Browne, kilichotolewa Uingereza mwaka 1994. Handa ni msichana wa jamii ya Wajaluo wa Kenya. Anabeba kichwani kikapu chenye matunda saba ya aina mbalimbali kumpelekea rafiki yake Akeyo. Maneno ya kitabu yanaeleza tu jinsi Handa anavyowaza ni tunda lipi rafiki yake atalipenda. Picha, kwa upande wake, zinaonyesha jambo ambalo maneno hayalitaji kabisa: kila anapopita, mnyama mmoja anachukua tunda moja kikapuni bila yeye kujua. Ni mtoto anayetazama ndiye atakayesema kilichotokea. Kwa mwalimu wa sarufi hiyo ni bahati kubwa, maana sentensi zinazohitajika haziko kitabuni ili zikaririwe. Lazima mtoto azitunge.

Hapa pia pana kioo na dirisha kwa pamoja. Wajaluo wanaishi kandokando ya ziwa jingine, Viktoria, katika eneo linaloitwa Nyanza, neno ambalo katika lugha kadhaa za Kibantu hutaja maji mapana. Mtoto wa Nyanza-Lac anaijua njia ya vumbi, kikapu cha kichwani na embe. Pundamilia na mbuni hawajui. Mwulize darasani: "Je, wewe ukienda kwa rafiki yako, ni wanyama gani utakaokutana nao njiani?" Atataja mbuzi, mbwa, kunguru na bata. Swali hilo ni la utamaduni, na jibu lake, kama tutakavyoona, ni zoezi kamili la ngeli.

4. Umbo na uhai: kanuni mbili zinazokutana

4.1 Wanyama

Wanafunzi wa sarufi ya Kiswahili wanajua kwamba nomino zinaweza kugawanywa kwa vigezo viwili. Kigezo cha kimofolojia huangalia umbo la nomino, yaani viambishi vyake vya umoja na wingi, nacho hutupatia makundi kama M-WA, M-MI, KI-VI, JI-MA na N-N. Kigezo cha kisintaksia huangalia upatanisho katika sentensi, nacho hutupatia ngeli za A-WA, U-I, KI-VI, LI-YA, I-ZI na nyinginezo. Aghalabu mwanachuo huvikariri vigezo hivi kwa ajili ya mtihani, kisha huvisahau. Mtoto wa Kirundi anatukumbusha kwa nini vina maana.

Tazama mifano ifuatayo:

(1) a. Kirundi: Imbwa iriruka.
b. Kiswahili sanifu: Mbwa anakimbia.
c. Mtoto: Mbwa inakimbia.

(2) a. Kirundi: Ibikere birasimba.
b. Kiswahili sanifu: Vyura wanaruka.
c. Mtoto: Vyura vinaruka.

Katika Kirundi, upatanisho wa kitenzi hufuata kundi la nomino lenyewe. Nomino imbwa ina kiambishi cha kundi la 9, basi kitenzi nacho huchukua i-. Nomino ibikere ina kiambishi cha kundi la 8, basi kitenzi huchukua bi-. Kwamba mbwa na vyura wana uhai hakubadilishi kitu. Kwa maneno mengine, katika Kirundi kigezo cha umbo na kigezo cha upatanisho kwa kawaida hutoa jibu moja.

Katika Kiswahili sanifu vigezo hivyo huachana pale penye uhai. Mbwa, tembo, twiga na mbuzi wana umbo la N-N. Chura, kiboko, kifaru, kipofu na kiongozi wana umbo la KI-VI. Waziri ana umbo la wingi wa MA-, yaani mawaziri. Wote hao, kwa sababu ya uhai, huchukua upatanisho wa A-WA. Kanuni ya uhai hulishinda umbo.

Mtoto anayesema "vyura vinaruka" basi hajakisia. Amelitambua umbo la wingi vy-, akalilinganisha na bi- ya Kirundi, akachagua kiambishi sahihi cha umbo hilo. Amefanya uchambuzi wa kimofolojia bila kulijua jina lake. Anachokikosa ni kanuni moja tu: kwamba katika Kiswahili sanifu uhai hutangulia. Mwalimu akilijua hilo, hana haja ya kusahihisha sentensi ishirini. Atafundisha kanuni moja, na sentensi ishirini zitafuata.

Picha inatusaidia hapa kwa namna ambayo ubao hauwezi. Katika Handa's Surprise, karibu wanyama wote wana umbo la N-N na upatanisho wa A-WA, ilhali matunda yamegawanyika baina ya I-ZI na LI-YA. Kila ukurasa unamdai mtoto apatanishe vitu viwili kwa wakati mmoja:

(3) a. Tumbili ameichukua ndizi.
b. Mbuni amelichukua pera.
c. Tembo amelichukua embe.
d. Twiga amelichukua nanasi.

Katika (3a) tumbili na ndizi wote wana umbo la N-N. Hata hivyo, kiambishi cha nafsi cha mtendaji ni a-, na kiambishi cha mtendwa ni -i-. Sentensi hiyo moja, ikiwa mbele ya picha, inaonyesha kanuni ya uhai waziwazi kuliko ukurasa mzima wa maelezo.

4.2 Tunda na mti

Kufanana kwa lugha mbili kunaweza pia kuficha mtego. Katika Kirundi, umwembe ni tunda, na wingi wake ni imyembe. Katika Kiswahili, mwembe ni mti na embe ni tunda. Mtoto anayesema "Tembo alikula mwembe" ana maana ya tunda moja, lakini msikilizaji wa Kigoma atamwona tembo akiumaliza mti mzima.

Vivyo hivyo, igiti cha Kirundi ni mti, na wingi wake ni ibiti. Mtoto akisema "kiti kirefu" huku akionyesha mti uliochorwa, ameihamisha nomino pamoja na kundi lake. Katika Kiswahili mti uko katika U-I, na kiti ni cha kukalia. Bila picha, mwalimu angedhani mtoto hajui tofauti ya mti na samani. Picha inamthibitishia kwamba mtoto anajua anachokiona. Tofauti iko katika jina na ngeli yake, wala haiko katika akili.

4.3 Mahali

Kirundi huweka ku na mu mbele ya nomino: ku meza, mu nzu. Kiswahili cha Kongo nacho hufanya hivyo. Ndiyo maana mtoto wa mwambao husema "Kitabu kiko ku meza" au "Mtoto yuko mu nyumba". Kiswahili sanifu huongeza -ni mwishoni mwa nomino, au hutumia maneno kama juu ya na ndani ya:

(4) a. Kitabu kiko mezani.
b. Chura yumo ndani ya chupa.
c. Mezani pana kitabu. Nyumbani mna watoto.

Mfano (4c) unastahili kupewa muda. Viambishi pa-, ku- na mu-, ambavyo mtoto wa Kirundi anavijua vizuri, bado vimo katika Kiswahili sanifu. Vimehama tu kutoka mbele ya nomino na kuingia katika kitenzi, kivumishi na kiwakilishi. Mwalimu akilieleza hivyo, mtoto anatambua kwamba anaokota kitu chake mahali pengine.

4.4 Udogo

Kirundi kina akana na utwana kwa watoto wadogo. Kiswahili cha Kongo kina katoto na tutoto. Kiswahili sanifu hutumia KI-VI: kitoto, vitoto, kijibwa, vijibwa. Hapa kanuni ya uhai inalegea, kwa kuwa msemaji anapokusudia udogo au dharau, upatanisho hurudi kwenye umbo: kijibwa kimejificha. Linganisha na kiboko anaogelea, ambamo ki- haina maana ya udogo. Ukurasa mmoja wenye mbwa mdogo na kiboko mkubwa unatosha kuibua tofauti hiyo.

5. Kuongoza kipindi

Hatua zifuatazo zimepangwa kwa kuzingatia darasa lenye wanafunzi wengi na nakala moja ya kitabu. Mwanachuo azijaribu kwanza na wenzake chuoni, kwa sababu wengi wetu tumelelewa na Kirundi na tutajisikia wenyewe katika sentensi za watoto.

Hatua ya kwanza: kutazama. Mwalimu hufungua kurasa zote polepole bila kusema neno. Wanafunzi wa mbele wahamie nyuma na wa nyuma waje mbele katikati ya zoezi.

Hatua ya pili: simulizi la kwanza. Mtoto mmojammoja hueleza ukurasa mmoja kwa lugha anayoiweza. Mwalimu hamkatizi. Anaandika sentensi kama zilivyosemwa, bila kuandika jina la msemaji. Aliyetoka Tanzania na aliyekulia Nyanza-Lac huandikwa ubao mmoja.

Hatua ya tatu: kulinganisha. Mwalimu huchagua sentensi tatu au nne zenye jambo moja la kisarufi, kwa mfano upatanisho wa wanyama. Anaomba zisemwe kwa Kirundi na kwa Kiswahili, na kuzipanga sambamba kama tulivyofanya katika (1) na (2). Kisha anauliza: "Kirundi kinaangalia nini? Kiswahili sanifu kinaangalia nini?" Watoto wenyewe waitafute kanuni. Katika hatua hii mtoto wa Kirundi ndiye mtaalamu wa safu ya kwanza, na mtoto aliyerejea ndiye mtaalamu wa safu ya pili. Hakuna anayeweza kuikamilisha jedwali peke yake.

Hatua ya nne: kurudisha kwa upole. Mtoto akisema tena "Chura kinaruka," mwalimu hujibu maana yake kwanza: "Naam, chura anaruka. Anaruka kwenda wapi?" Umbo sanifu limesikika, na mazungumzo hayakukatika.

Hatua ya tano: simulizi la pili. Hadithi husimuliwa upya kuanzia mwanzo, sasa kwa Kiswahili sanifu kadiri inavyowezekana, na kwa kutumia -ka- ya mfululizo: Handa alibeba kikapu, akashika njia, tumbili akaja, akachukua ndizi. Mwanachuo azingatie kwamba -ka- haianzi hadithi. Inahitaji kitenzi cha kwanza chenye -li- cha kuegemea.

6. Tahadhari

Kwanza, mwalimu asiwe mkali kupita sarufi yenyewe. Baadhi ya nomino za watu zenye umbo la N-N huchukua vimilikishi vya I-ZI hata katika Kiswahili sanifu: baba yangu, rafiki yangu, dada zangu. Mtoto anayesema "rafiki yangu amekuja" yuko sahihi mara mbili katika sentensi moja. Kwa wanyama katika wingi, mbuzi wangu na mbuzi zangu yote mawili husikika kwa wasemaji wazuri. Anayesahihisha kisichohitaji kusahihishwa hupoteza imani ya darasa.

Pili, mwalimu akumbuke kwamba usanifu ni makubaliano. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi za Afrika Mashariki ilifanya kazi juu ya msingi wa Kiunguja, lahaja iliyokuwa imechaguliwa miongoni mwa nyingine. Tunakifundisha Kiswahili sanifu kwa sababu kinamwezesha mtoto kusomeka na kusikika kutoka Rumonge hadi Mombasa. Hatukifundishi kwa sababu Kiswahili cha bibi yake kina kasoro.

Tatu, kitabu cha picha nacho kichunguzwe. Je, kinamwonyesha Mwafrika kana kwamba anaishi mbugani pamoja na wanyama wote wa bara? Katika njia moja fupi ya Handa wanapita tembo, twiga, pundamilia na mbuni. Kwa hadithi ya kuchekesha hilo linakubalika, lakini wanafunzi wana haki ya kuuliza kama njia ya kweli iko hivyo. Swali hilo halikiharibu kitabu.

Nne, vitabu vya kununua ni haba na vina haki za waandishi wake, kwa hiyo visirudufiwe ovyo. Iko mikusanyo ya hadithi zilizotolewa kwa leseni huria, kama African Storybook iliyoanzishwa Afrika Kusini mwaka 2014, ambamo hadithi zenye picha hupatikana kwa Kiswahili na lugha nyingine za Afrika, na huruhusiwa kutafsiriwa na kubadilishwa. Nchini Tanzania, Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza mwaka 1991 umetoa vitabu vingi kwa Kiswahili. Lakini kitabu kilicho karibu zaidi ni kile ambacho mwanachuo atakichora mwenyewe.

Karatasi za mifuko ya saruji zilizosafishwa, kalamu nzito na uzi vinatosha. Hadithi iwe ya ziwa letu: wavuvi wanarudi alfajiri, mama anaanika dagaa juu ya mchanga, msichana ameachwa awalinde, naye anatazama mitumbwi. Kunguru anashuka. Paka anatoka nyuma ya nyumba. Bata wawili wanajongea. Maneno yataje mitumbwi tu, na picha zionyeshe wezi. Kila ukurasa utakuwa na mnyama mmoja wa A-WA na kitu kimoja cha ngeli nyingine: mtumbwi, wavu, jiwe, kikapu. Hata dagaa wenyewe watazua mjadala, kwa kuwa sarufi sanifu huwaweka katika A-WA hata wakiwa wamekauka, ilhali mdomoni mwa wasemaji wengi wa mwambao dagaa zinaanikwa. Mjadala huo uachwe uendelee. Ni sarufi iliyo hai.

7. Hitimisho

Turejee kwa mtoto aliyenyamaza. Mwalimu aliyeisoma kanuni ya umbo na uhai angeweza kuandika sentensi zake mbili ubaoni na kuliambia darasa: "Mwenzenu ameona kwamba chura na kitabu vina umbo la namna moja. Nani anaweza kutuambia kwa nini Kiswahili kinavitenganisha?" Mtoto yuleyule aliyechekwa angekuwa ndiye aliyelipa darasa swali lake la siku. Aliyecheka naye angelazimika kufikiri, kwa sababu anasema "chura anaruka" kwa mazoea tu, na sababu yake hajawahi kuitafuta.

Kusahihisha ni wajibu wa mwalimu wa lugha, na sura hii haimwondolei wajibu huo. Inamtaka tu auchelewe kidogo, mpaka awe amejua anasahihisha nini.

Maswali ya mjadala na mazoezi

1. Taja nomino kumi za viumbe hai ambazo umbo lake si la M-WA. Tunga sentensi kwa kila moja, umoja na wingi, kisha uzitafsiri kwa Kirundi. Ni zipi ambazo upatanisho wake unatofautiana katika lugha hizo mbili?

2. Eleza kwa nini sentensi "Tembo imekula mwembe" inaonyesha ujuzi wa sarufi wala si ukosefu wake. Ni mambo mangapi utakayomfundisha msemaji wake, na utaanza na lipi?

3. Msikilize mtoto mmoja akisimulia kitabu cha picha kwa dakika tano bila kumsahihisha. Andika sentensi zake kama zilivyo, kisha uzipange kwa kufuata vipengele vya sehemu ya 4.

4. Kwa kushirikiana na wenzako watatu, chora kitabu cha kurasa nane kuhusu maisha ya mwambao. Kabla ya kuchora, orodhesha nomino za kila ukurasa pamoja na ngeli zake, na uonyeshe ni jambo gani litakaloachwa lisemwe na picha peke yake.

5. "Kiswahili cha Kongo ni Kiswahili kibovu." Jadili kauli hii kwa kutumia mifano ya mahali na udogo iliyotolewa katika sura hii.